Siku Dhadho Alipokula Kambare

Jumatano, siku za mwisho za mwezi wa Rajabu. Mvua imenyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri, na tangu hapo mawingu yamekaa tu juu ya msitu kama watu waliokuja kuhani wasiojua waondoke saa ngapi. Mto umepanda mpaka kwenye mizizi ya mkuyu. Kuni zote ni mbichi.

Dhadho tulimzika Jumapili. Leo mimi na binti yake, Halako, aliyekuja kutoka kijiji cha Wema, tumetoa vitu vya marehemu nje ili nyumba ipate hewa. Si vingi. Mkeka, leso, chungu cha maji, jembe lililoliwa na udongo likabaki dogo kama kijiko, na kile kibuyu chake cha maziwa. Halako alifungua kifuniko, akaingiza pua. Kisha akanipa mimi. Nikanusa moshi. Wala si moshi wa zamani. Ulikuwa wa juzijuzi, mkali na mtamu, wa vijiti vile ambavyo wanawake wa nyika huchoma wakafukizia vibuyu vyao ili maziwa yasiharibike. Kibuyu hicho hakijatiwa tone la maziwa tangu mimi na Halako tukiwa wasichana wadogo, na bibi wa watu alikuwa bado anakifukiza.

Ndiyo sababu nimekaa kuandika. Kuandika si kazi yangu. Katika chuo cha Kurani nilifika mahali wasichana wa wakati ule walipofika, halafu nikarudishwa shambani, na haya mengine nimejifunza kwa kuiba kwa mume wangu, Mungu amrehemu. Mambo nitakayoyasema, mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine niliambiwa baadaye, na sasa yamechanganyika hata siwezi kuapa lipi ni lipi. Ninyi wa rika langu mtakaosoma, mkiona nimekosea, mnisahihishe.

Mnakumbuka kwamba hapa kijijini Hewani kila nyumba ya jembe, ya sisi Wapokomo wa mtoni, ilikuwa na nyumba yake rafiki ya ng'ombe, ya Waorma wa nyikani. Vijana wa leo wanadhani maziwa yalikuwa yakiuzwa tangu zamani. Kiangazi kilipokaza, Waorma walishuka na mifugo kutoka nyikani kuja kunywesha, wakipita katika ile njia tuliyowaachia kati ya mashamba, malka tunaiita. Mama alibeba kikapu cha mahindi, mwenzake wa kule akabeba kibuyu. Mmoja alimimina, mwingine akamimina, na hakuna aliyepima. Mtu akipata mafuriko, mwenzake wa nyika alimlisha. Mtu wa nyika akipata ukame, wa mtoni alimlisha. Undugu huo ulirithiwa kama shamba.

Nyumba yetu ya ng'ombe ilikuwa ya mume wa Dhadho.

Kisha ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe. Nakumbuka harufu yake zaidi kuliko jambo lolote. Upepo ukitoka nyikani, mama alifunga mlango mchana. Tai walishiba wakawa wanatembea kwa miguu kama kuku. Ng'ombe walikwisha, na mume wa Dhadho akafuata baada ya ng'ombe wake wa mwisho. Wengine walisema homa, wengine walisema fedheha. Mimi sijui.

Dhadho alikuja kwetu kupitia malka ile ile, mtoto mgongoni na kibuyu begani. Baba alikuwa akipalilia mpunga. Hakumuuliza kitu. Aliweka jembe chini, akaenda akampokea mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa mwepesi hata baba akageuka kumtazama mama kwa mshtuko. Huyo ndiye Halako. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango mbovu. Nyuma ya nyumba yetu wakajengewa kibanda, na Dhadho akapewa kipande cha kulima kando ya mto.

Kulima hakukujua. Wanawake walimcheka, lakini kwa wema, au nadhani kwa wema.

"Mama Halako, shamba unalilima au unalikuna?"

"Linawashwa," alijibu siku moja kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, na tangu siku hiyo wakampenda.

Jambo moja tu lilinikera mimi. Hakula samaki. Chungu cha samaki kikiinjikwa, yeye alihamia upande upepo utokako. Kambare alimwita nyoka mwenye sharubu. Kwetu bila kambare ni njaa, na mama yangu alikuwa fundi wa kambare. Alimkausha kwa moshi, akamchemsha kwa tui na ndimu mpaka jirani wakaja kuomba moto. Na huyu mgeni anashika pua! Nilidhani anatudharau. Nilimwambia mama hivyo hivyo: "Anatudharau, yule."

"Koma," akasema mama. "Samaki si haramu, na yeye hajasema ni haramu. Kila tumbo lina wazee wake. Kwao mwanamke akila samaki, hakuna atakayenywa tena maziwa mkononi mwake."

Sikuridhika. Nilikuwa na umri wa kuhesabu heshima kwa vijiko. Halako, kwa upande wake, alikula kwetu tangu wiki ya kwanza, tena kichwa na mkia, baba akamwita mjomba wa paka. Mama yake aliona akageuza uso. Hakumkataza.

Misimu kadhaa ilipita hivyo. Halako alinenepa kidogo, akaanza kusema Kipokomo kwa kasi kutushinda, lakini kifua hakikumwacha. Kila mvua alilala akikoroma.

Kisha ikaja amri kutoka boma la serikali. Hapa sina budi kuwa mwadilifu, maana nikisimulia nusu nitakuwa nimewasingizia watu. Hatukuletewa amri ile bila sababu. Ng'ombe wachache waliosalia nyikani walikuwa wakishuka na njaa, wakaingia mahindi yetu kabla hayajakomaa, na wachungaji wengine walikuwa wakali. Mtu wa hapa alichomwa mkuki wa paja. Mzee wa kijiji chetu, Mzee Jillo, alikwenda mwenyewe bomani kushtaki. Aliomba ng'ombe wazuiwe. Waliozuiwa wakawa watu. Ikatangazwa kwamba watu wote wa ng'ombe wakae ng'ambo ya pili ya mto, chini ya mzee wao, na atakayeonekana upande huu bila ruhusa ya boma atavushwa, kisha apelekwe mbali kwenye visima, huko wenzake wanakokusanywa.

Baba alicheka aliposikia. "Amri ni ya ng'ombe. Dhadho ana ng'ombe gani? Ana kibuyu."

"Komora," Mzee Jillo akamwambia baba, "kabila halina pembe, lakini askari wanaliona."

Hatukucheka tena habari ilipofika kutoka Wema. Huko kulikuwa na jamaa moja kama ya Dhadho. Walivushwa, wakatembezwa kwenda visimani wakati wa jua kali, na watoto wao wadogo hawakufika. Mama alisikia habari hiyo akiwa anatwanga. Aliacha mchi ukasimama ndani ya kinu, akaenda kibandani, akakaa na Dhadho. Mle kibandani Halako alikuwa anakohoa. Hapo kila mtu mzima wa Hewani alijua jambo moja, nami nililijua baadaye sana: Dhadho akivushwa na mtoto yule, mtoto hatafika.

Wazee walikaa. Si wote waliokubali kumficha. Mmoja, jirani yetu, alisema, "Tukishikwa, tutabebeshwa mizigo kijiji kizima mpaka migongo ichubuke. Na mimi mahindi yangu yaliliwa na ng'ombe wa kina nani?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi. Mzee Jillo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu atakuwa binti wa marehemu ndugu yangu. Aliolewa huko Kau, amefiwa, amerudi kwao. Asiyetaka kusema hivyo asiseme kitu." Jirani yule alitii. Hakusema kitu, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Basi Dhadho akafundishwa kuwa mtu wa mtoni. Mama alimwosha nywele kwa maji ya majivu mpaka siagi ya miaka yote ikatoka, akamsuka kwa mtindo wetu. Harufu yake ikabadilika. Nilimnusa nikasikitika, maana harufu ile ya siagi na moshi nilikuwa naipenda, ingawa nisingekubali kusema. Bangili zake zilizikwa chini ya jiwe la kusagia. Kibuyu kilifichwa ghalani, ndani ya mpunga. Mimi na Halako tulimfundisha maneno. Tulimcheka akikosea, naye akarudia bila kuchoka, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya ugonjwa.

"Na samaki je?" baba aliuliza usiku mmoja tukila.

Mama alitazama chini. "Hilo inshallah hatutafikishwa."

Watu wa boma walikuja asubuhi, kwa mitumbwi miwili. Mimi nilikuwa bandarini nachota maji. Askari walikuwa wachache, na mkubwa wao alikuwa mtu wa pwani, mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi. Katika mtumbwi wa pili alikaa mzee mmoja wa nyika, ameshika kingo mbili kwa mikono yote, macho ameyafumba kwa kuogopa maji. Nilimtambua mara moja. Ni Abba Guyo, baba mdogo wa marehemu mume wa Dhadho. Wakati wa heri alikuwa akija kwetu na kibuyu kikubwa kuliko vyote, na ni yeye aliyemnyoa Halako nywele za kuzaliwa na kumpa jina. Sasa boma lilikuwa limemfanya mzee wa watu wake. Alipelekwa kijiji kwa kijiji awaonyeshe walio wake. Hakuichagua kazi hiyo, nijuavyo mimi. Watu wote walimheshimu kwa jambo moja: alikuwa mtu asiyesema uongo, hata wa mzaha, hata wa kumbembeleza mtoto.

Nilikimbia nyumbani nikiimba, "Abba Guyo amekuja! Abba Guyo amekuja!" Nilidhani Dhadho atafurahi. Alikuwa anapepeta mpunga. Ungo ulimtoka mkononi.

Tukapangwa kando ya mto, kijiji kizima. Mkubwa wa askari akapita mbele yetu kama mtu anayechagua kuku.

"Wewe nani?"

"Mpokomo, bwana."

"Na wewe?"

"Mpokomo."

"Na yule mbuzi pale?"

"Wa kwetu, bwana," akajibu baba.

"Mashallah! Hewani hata mbuzi ni Mpokomo." Wenzake wakacheka. Akafika kwa Dhadho. "Na wewe, mama mrefu?"

"Binti wa ndugu yangu," akasema Mzee Jillo. "Alikuwa Kau."

"Sikukuuliza wewe, mzee wangu. Namuuliza huyu shingo ya twiga."

"Mimi wa hapa," akasema Dhadho, na alilisema vizuri kabisa. Mimi na Halako tukatazamana kwa fahari.

Mkubwa yule akamgeukia Abba Guyo, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, fimbo kifuani. "Mzee, wako yupo hapa?"

Abba Guyo aligeuza uso. Alitazama maji. Akaulizwa mara nyingine, akatazama maji vile vile.

"Haya," akasema askari, "wazee wakinyamaza, tutauliza tumbo. Mimi mtu wa pwani, nawajua hawa. Nani ana samaki hapa?"

Moshi wa kwetu ulikuwa unaonekana. Mama hakuweza kukataa. Akakileta chungu kwa mikono miwili, na harufu ya tui na kambare ikaenea bandarini. Na mimi, Mungu anisamehe ujinga wa utoto, niliona raha! Nilidhani askari wana njaa, wamesikia sifa za mama yangu mpaka bomani. Nilijisogeza mbele ili waone kwamba mimi ni wa chungu hicho.

Wale waliotiliwa shaka walipewa kila mmoja kipande juu ya jani la mgomba. Walikuwa wachache tu, watu warefu, na wote walikula bila taabu. Halako alikula chake, akalamba vidole, akauliza, "Kichwa kipo?"

Askari walicheka mpaka bunduki zikatikisika. "Huyu hata bibi yake alizaliwa na kambare! Mpelekeni kando."

Kisha Dhadho.

Jani lilikuwa mkononi mwake na hakulitazama. Alimtazama Abba Guyo. Yule mzee naye sasa aliacha maji akamtazama yeye, na kwa muda ilikuwa kama bandarini hakuna mtu ila wao wawili. Halako alikohoa. Mama yake akakata kipande, akatia kinywani, akatafuna. Alitafuna polepole, akameza. Uso wake haukubadilika hata ukope.

"Na sharubu," akasema askari. "Sharubu ndiyo utamu."

Akampa. Akala na sharubu.

Nilijivuna! Nilimnong'oneza mama, "Umeona? Leo ameacha dharau." Mama alinishika bega, akalibana mpaka nikaumia, na sikujua kwa nini.

"Sasa, mzee," akasema askari kwa Abba Guyo, "mtazame huyu. Ni wako?"

Abba Guyo alishika ncha ya nguo yake, akaziba mdomo. Mto ulikuwa unapita, nasikia mpaka leo vijimawimbi vinavyopiga mitumbwi. Kisha akaondoa nguo.

"Simjui."

"Tazama vizuri. Ukificha mtu wako, utajibu wewe."

"Watu wangu nawajua mmoja mmoja," akasema. "Huyu simjui."

Akageuka. Alishuka bandarini na fimbo yake, akaingia mtumbwini bila kusaidiwa, yeye aliyekuwa anaogopa maji, akakaa akitupa mgongo. Hakugeuka tena. Mkubwa wa askari alikomba kilichobaki chunguni mwetu, akamsifu mama, akasema Hewani hamna mtu wa ng'ombe, wakaondoka.

Tulisimama mpaka mitumbwi ikapita kona. Halafu wanawake wakapiga vigelegele kwa sauti ndogo, viganja mdomoni. Baba akamnyanyua Halako juu. Mzee Jillo alikaa chini pale pale kwenye tope, na yule jirani ambaye hakusema kitu akaja akamshika mkono.

Dhadho alikuwa bado amesimama. Mkono mmoja alikuwa ameushika kooni, na machozi yanashuka bila sauti, yanaingia mdomoni, hayafuti. Nikajua. Ni mwiba! Amekwamwa na mwiba, maana hajui kula samaki, masikini. Nilikimbia nyumbani mbio, nikakata tonge kubwa la ugali, nikarudi nalo.

"Mama Halako, meza bila kutafuna! Mwiba utateremka."

Alinitazama kana kwamba ninatoka mbali. Akachukua tonge. Akameza.

"Umeshuka?"

"Umeshuka, mwanangu."

"Mbona bado unalia? Nilete jingine?"

"Lete," akasema. Nikaleta, na nikaleta tena, naye akameza kila nililomletea, na machozi hayakukatika. Usiku nilimwambia baba kwamba mwiba ule lazima ulikuwa mkubwa sana. Mtoto yeyote wa mtoni anajua kwamba kambare si samaki wa kumkwamisha mtu, hana vijiba kama ngege. Mimi pia nilijua. Lakini sikuwa na sababu nyingine ya kueleza machozi yale, basi nikaishika hiyo.

Kiangazi kilichofuata, watu wa ng'ombe waliruhusiwa kushuka kunywesha kwa siku chache. Dhadho alikitoa kibuyu ghalani, akapangusa mpunga, akachoma vijiti, akakifukiza mpaka nyumba yetu nzima ikanukia. Alioga. Akafuatana na wanawake wengine kwenda malka, mimi na Halako nyuma. Aliyekuwa akigawa maziwa alikuwa wifi yake Dhadho, dada wa marehemu mumewe. Alimmiminia mama. Akammiminia mwanamke aliyefuata. Alipofika kwenye kibuyu cha Dhadho aliinua chombo chake juu.

"Yamekwisha," akasema, hakumtazama.

Nilikuwa mfupi, niliona chini ya mkono wake. "Bado yapo!" nikapiga kelele. "Yanacheza humo ndani!"

Mama alinifinya.

"Yamekwisha," Dhadho akaniambia, kwa upole, kwa Kipokomo. Alirudi na kibuyu kitupu, akakitundika ukutani. Mama alimletea maziwa yetu, naye Dhadho akampa Halako. Tangu siku ile sikumwona akinywa maziwa, na kila baada ya muda nilisikia harufu ya vijiti vyake ikitoka kibandani.

Wakubwa wa boma walibadilika, kama wanavyobadilika. Alikuja mwingine, amri ikalegea, mwisho watu wa ng'ombe wakawa wanavuka kama zamani na hakuna aliyeuliza. Yule askari mcheshi sikumwona tena, labda alikufa akiwa amesahau chungu chetu. Amri iliondoka na wenyewe. Neno la mzee likabaki. Abba Guyo alikufa nyikani, na Dhadho alisikia habari sokoni kwa kupita, kama mtu baki.

Mara moja tu nilimuuliza. Nilikuwa mtu mzima, mjane, tunachagua mchele pamoja. Nilitaka kumpa faraja, nikasema, "Abba Guyo alikuokoa siku ile. Mtu ambaye hajapata kusema uongo, akasema uongo mmoja kwa ajili yako."

Aliendelea kuchagua. Aliokota kijiwe, akakitupa.

"Abba Guyo hajapata kusema uongo," akasema.

Nimelizungusha jibu hilo miaka yote. Labda mzee alimwona binti yake anazama akamsukuma ufukweni kwa neno pekee alilokuwa nalo. Labda alisema kweli aliyoiona: yule aliyemjua alikuwa amekwisha kati ya kipande cha kwanza na sharubu. Naweza kumtetea kwa njia zote mbili, na siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba Halako ana wajukuu Wema, na kifua chake, ajabu, kilipona.

Jumapili tulituma habari nyikani. Hakuja mtu. Leo, baada ya alasiri, tukiwa bado tumekaa na kile kibuyu, mwanamke mzima wa Kiorma alisimama nje ya ua, nguo imelowa mpaka magotini kwa kuvuka, na chombo cha maziwa begani.

"Hapa ndipo kwa mama aliyefariki?"

"Ndipo. Karibu, dada."

Hakuingia. Alitua chombo chini. "Nimeambiwa nilete."

"Umeambiwa na nani?" Halako akauliza.

"Na wa nyumbani."

Akageuka akaenda. Nyumba gani, hakusema. Pengine ni ya Abba Guyo, pengine ni ya wale tu tunaojuana nao mjini Garsen, ambao huwapelekea wafiwa wowote. Sitaki kuandika nisilolijua. Halako alikaa akitazama maziwa mpaka nikadhani hatayagusa.

"Yamechelewa," akasema.

Kisha akakivuta kibuyu cha mama yake, akamimina mpaka shingoni.

Jioni tumekula ugali na maziwa hayo. Yalikuwa na ladha ya moshi. Kambare tulioletewa na majirani wangali chunguni, hakuna aliyefunua.